Kuli Naye Ana Mapafu

Wananchi wa Nyanda za Juu Kusini wamepanda miparachichi, na miparachichi imezaa. Kila msimu malori hushuka kutoka Njombe, Mufindi na Rungwe yakiwa yamebeba matunda ambayo miaka michache iliyopita yaliozea chini ya miti. Mwaka 2022 nchi yetu ilitia sahihi mapatano ya kuuza maparachichi China, na Ulaya nayo hununua. Haya ni mambo ya kujivunia, nasi twajivuna, maana Chama chetu kimesema siku zote kwamba jasho la mkulima lisiishie njiani.

Lakini kati ya shamba la mkulima na meza ya mnunuzi pana sanduku la chuma. Ndani ya sanduku hilo mna jambo ambalo hatujapata kulisemea katika mikutano yetu. Leo twalisemea.

Sanduku hilo ni kontena la baridi. Wengi wetu tumeliona barabarani, jeupe, lina mashine inayonguruma upande wa mbele. Tunda huingia humo Njombe au Dar es Salaam na hutoka likiwa bado gumu baada ya wiki nne au zaidi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilipoikimbia Bahari ya Shamu kwa ajili ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari za kwenda Ulaya zilizidi kurefuka. Pasipo sanduku hili hakuna biashara ya parachichi, wala ya maua, wala ya samaki wa Ziwa Viktoria wanaogandishwa. Hatuligombi sanduku. Tunagomba namna mtu anavyoambiwa aingie ndani yake.

Tuseme tuliyoyaona. Sisi wa tawi tulikwenda kuwatembelea vijana wanaofanya kazi katika ghala moja la baridi. Jina la ghala hatulitaji, maana hatukuandika haya ili kumshitaki mtu mmoja. Siku ile lilifika kontena la baridi lililokuwa linakuja kuchukua matunda. Lakini halikuja tupu. Wenye meli hawapendi kusafirisha sanduku tupu kuvuka bahari, basi huzima mashine ya baridi na kupakia humo mzigo mkavu, ili sanduku lijilipie nauli ya kurudi. Mzigo ule ulikuwa katoni juu ya paleti za mbao. Mlangoni palikuwa na karatasi ya onyo iliyobanduka nusu, imebaki picha ya fuvu la kichwa na herufi chache.

Msimamizi akatazama saa yake. Lori lilikuwa linadaiwa, na kontena likichelewa kurudi hutozwa faini ya kila siku. Akasema: "Fungueni, ingieni." Vijana wanne wakaingia. Baada ya robo saa mmoja akatoka akishika kichwa, akaketi chini, akatapika. Akaambiwa ni jua. Kesho yake hakuweza kuja kazini, na kwa kuwa kibarua hulipwa kwa siku, hakulipwa.

Sisi si madaktari. Hatuwezi kuapa kwamba kijana yule alidhurika kwa dawa. Huenda kweli lilikuwa jua. Lakini twauliza swali moja tu: nani alipima hewa ya ndani kabla ya wale vijana kuingia? Hakuna aliyepima. Ghalani hapakuwa hata na chombo cha kupimia. Hilo ndilo shitaka letu lote.

Sasa tueleze kidogo, maana mtu hawezi kupigana na adui asiyemjua.

Kwa nini makontena hufukizwa dawa? Kwa sababu wadudu husafiri pamoja na mizigo. Mwaka 2003 nzi mmoja wa matunda mwenye asili ya Asia alionekana kwa mara ya kwanza katika pwani ya Kenya; baadaye akaenea karibu Afrika yote ya kusini mwa Sahara, na maembe yetu yanajua aliyoyafanya. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga mlango kwa maparachichi ya Kenya kwa sababu ya nzi huyo. Kwa hiyo kila nchi ina haki ya kujikinga, nasi pia tunayo. Hata mbao za paleti zina sheria yake ya kimataifa, iliyopitishwa mwaka 2002: ama zichomwe kwa joto mpaka kiini cha ubao kifike nyuzi 56 za sentigredi kwa dakika 30, ama zifukizwe dawa, kisha zigongwe muhuri.

Dawa zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni methili bromaidi. Haina rangi, na karibu haina harufu. Ni nzito kuliko hewa mara tatu na zaidi, kwa hiyo hulala chini na pembeni, huko huko mtu anakoinama kuinua katoni. Huumiza mapafu na mishipa ya fahamu, na tena huweza kuchelewa: mtu akatoka kazini mzima, akaanza kutetemeka usiku akiwa nyumbani kwake. Dawa hiyo pia hutoboa tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Ndiyo maana mataifa, kwa Itifaki ya Montreal, yalikubaliana nchi tajiri ziiache mwaka 2005 na nchi kama zetu mwaka 2015. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: karantini ya mizigo inayovuka mipaka. Kwa hiyo shambani imekatazwa, na ndani ya kontena bado imo.

Ya pili ni fosfini, ambayo mara nyingi hutoka katika vidonge vinavyotoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa. Wakulima wa mahindi na maharage wanavijua. Watu husema, "Fosfini inanuka kama kitunguu saumu, tutaisikia." Ndugu zetu, pua si kipimo. Kiwango ambacho wataalamu huruhusu mfanyakazi akivute kwa siku ya kazi ni sehemu 3 tu katika sehemu milioni 10 za hewa, na gesi huweza kudhuru pasipo pua kupata habari. Isitoshe, fosfini hula shaba, na mashine ya kontena la baridi imejaa nyaya na mabomba ya shaba. Anayefukiza kontena hilo kwa vidonge bila uangalifu humdhuru kuli leo, na kesho huharibu baridi ya mkulima.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawalifahamu: dawa na baridi hazipatani. Methili bromaidi huchemka na kuwa gesi kwenye nyuzi karibu 4. Parachichi husafirishwa kwenye nyuzi 5 hadi 7 hivi, na samaki wa kugandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Katika baridi, gesi hufanya kazi kwa uvivu, nayo hunasa katika katoni, katika mbao na katika mzigo wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufukiza matunda lazima kwanza yapashwe joto, kisha hewa ipitishwe, kisha yarudishwe kwenye baridi. Akiharakisha mtu hatua moja, gesi iliyonasa haitoki yote. Itatoka baadaye, polepole, kadiri mzigo unavyopata joto, na mlango ukiwa umefungwa itajikusanya upya.

Basi yule anayesema, "Tulifungua mlango jana kwa saa moja, hewa imeshapita," hajui asemalo. Kontena lililokuwa salama jioni huweza kuwa na sumu asubuhi. Lazima lipimwe tena kila linapofunguliwa baada ya kufungwa.

Tena kontena la baridi si kama kontena la kawaida. Limezibwa kila upande ili baridi isitoroke, na lile la futi 40 lina kina cha mita 12 karibu, mlango mmoja tu, upande mmoja tu. Ukifungua mlango, hewa ya karibu hubadilika, na ya mwisho kabisa hubaki palepale. Mtu akasema, "Washeni mashine, ina feni." Kweli ina feni, lakini feni ile huzungusha hewa ile ile: huisukuma chini ya sakafu, hupanda kati ya katoni, hurudi juu karibu na dari, na safari huanza upya. Hewa mpya haiingii mpaka kile kitundu cha hewa kilicho mbele ya mashine kifunguliwe. Kikifungwa, feni inakoroga sumu tu, kama mtu anayekoroga uji.

Kitundu hicho kina kazi nyingine pia, nayo yamhusu mkulima. Tunda lililochumwa bado lina uhai. Lapumua kama sisi: linavuta oksijeni, linatoa kaboni dioksaidi na joto, na linatoa gesi ya ethilini inayolivisha lenyewe na majirani zake. Hewa isipobadilishwa, parachichi moja lililoiva litaivisha kontena zima kabla meli haijafika. Kiasi cha hewa huandikwa katika hati kwa mita za ujazo kwa saa. Lakini wako makarani wanaoandika asilimia, na asilimia 25 ya kitundu cha mashine moja si sawa na ya mashine nyingine. Kwa kosa hilo la kalamu mkulima anaambiwa, "Matunda yako yamefika yameoza," naye hana wa kumuuliza.

Yako pia makontena ambayo hewa yake hupunguzwa makusudi ili tunda lilale usingizi. Oksijeni tunayovuta ni asilimia 21 ya hewa. Humo hushushwa hadi asilimia 4 au 5. Humo hamna dawa yoyote, wala harufu yoyote, lakini mtu akiingia kabla hewa haijabadilishwa huanguka baada ya pumzi chache. Na anayemkimbilia kumwokoa huanguka juu yake.

Je, haya ni maneno ya kuwatisha watu? Mwaka 2006, katika bandari ya Hamburg huko Ujerumani, wataalamu walipima hewa ya makontena zaidi ya 2,000 yaliyoingia pale, nayo mengi yalikuwa na gesi kupita viwango vya afya. Nyingine zilikuwa dawa za kufukizia, nyingine kemikali zinazotoka katika bidhaa zenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo katika bandari ya nchi tajiri yenye vipimo na wakaguzi, sisi ambao hatupimi tuna ushahidi gani wa kujituliza? Asiyepima hana haki ya kusema pako salama.

Wala si kwamba sheria hakuna. Kanuni za kimataifa za kubeba mizigo ya hatari baharini, ambazo ni za lazima tangu mwaka 2004, huliita kontena lililofukizwa mzigo wa hatari na kulipa namba yake, 3359. Zinataka alama ya onyo mlangoni, maandishi meusi juu ya cheupe, upana usiopungua milimita 400 na kimo milimita 300. Alama iseme dawa gani imetumika, tarehe gani, saa ngapi, na hewa ilipitishwa lini. Tena inakatazwa kuiondoa mpaka hewa iwe imepitishwa na mzigo uwe umeshushwa. Hapa nchini tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Sheria zipo. Lakini sheria iliyolala kabatini haimpitishii mtu hewa.

Twajua tutakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: "Mnachelewesha biashara. Kila saa ina gharama." Twamjibu: gharama hiyo ipo tayari, ila hailipwi na ninyi. Inalipwa na kijana aliyeketi chini akitapika, na mke wake anayenunua dawa, na Serikali inayomtibu. Gharama haikuondolewa, imehamishwa kutoka katika daftari la tajiri hadi katika kifua cha maskini.

Wa pili atasema: "Wazungu na Wahindi hawatanunua mzigo usiofukizwa." Ni kweli kwamba mnunuzi ana masharti yake, wala hatusemi tuyavunje. Lakini dawa si njia pekee. Baridi yenyewe huua. Kwa matunda yanayoivumilia, nyuzi 1 hivi kwa siku 14 au zaidi, vipimo vikiwa vimechomekwa ndani ya matunda na kuandika joto safari nzima, hukubaliwa na nchi kadhaa dhidi ya nzi wa matunda. Si kila tunda litaweza: ndizi huharibika ngozi chini ya nyuzi 13. Lakini panapowezekana, wajumbe wetu wanapokaa mezani na wanunuzi waulize kwanza habari ya baridi kabla ya kukubali sumu. Na paleti zetu zichomwe kwa joto, hapa hapa, na vijana wetu.

Wa tatu ni ndugu yetu, na huyu twamjibu kwa uchungu zaidi. Atasema: "Mambo haya si ya Chama. Chama kishughulike na siasa." Ndugu, siasa ni nini? Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliweka mizigo chini, na mgomo wao ukafuata reli mpaka bara. Walikuwa hawajasoma vitabu vya siasa. Walidai ujira na heshima ya mtu anayebeba mizigo, na katika madai yale nchi nzima ilijifunza kusimama. Kama Chama kilichozaliwa na madai ya namna ile leo hakina la kusema juu ya mapafu ya mjukuu wa kuli yule, basi tumebaki na bendera, na mti wa bendera umeliwa na mchwa.

Tena tuseme kweli, hata kama itatuuma. Baadhi ya wenye malori, wenye maghala na mawakala wa forodha ni wanachama wenzetu. Wana kadi kama sisi, na siku ya mkutano hukaa viti vya mbele. Hatuwaiti maadui. Lakini mkoloni alipomwambia kuli aingie shimoni asikojua kilichomo tulimwita mnyonyaji. Mwananchi akifanya yale yale hatuwezi kumpa jina jingine kwa kuwa tunamjua.

Kwa hiyo twataka mambo matano, nayo si makubwa.

Kwanza, kontena lolote la baridi, liwe na mzigo mkavu au mbichi, lisiingiwe na mtu kabla hewa ya ndani haijapimwa na fundi mwenye chombo, na matokeo kuandikwa kwenye karatasi ambayo wafanyakazi wataiona. Likifungwa tena, lipimwe tena.

Pili, hewa ipitishwe kwa feni yenye mrija unaofika mwisho wa kontena, siyo kwa kuacha mlango wazi na kuomba Mungu.

Tatu, alama ya onyo iandikwe kwa Kiswahili pia, maana anayefungua mlango ndiye anayepaswa kuisoma.

Nne, kibarua atakayekataa kuingia kontena lisilopimwa asinyimwe kazi ya siku ile wala ya kesho yake.

Tano, muda wa kupitisha hewa usihesabiwe katika siku za faini ya kuchelewa. Hili Serikali yaweza kuzungumza na wenye meli, na hili likifanyika msimamizi hatakuwa na sababu ya kutazama saa yake.

Na sisi wenyewe, wanachama, tusingoje. Kila tawi lililo karibu na bandari, bandari kavu au ghala la baridi lichague watu wawili wajifunze mambo haya na kuwafundisha wenzao. Matawi ya Njombe na Rungwe yashirikiane nayo, maana hewa inayomponya kuli ndiyo hiyo hiyo inayoponya tunda la mkulima. Kontena lililopitishwa hewa vizuri huleta bei nzuri na humrudisha mtu nyumbani mzima.

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Kuli huchumia juani, na tena huchumia ndani ya sanduku lenye giza, na kivulini wanalia wengine. Hatuombi akalishwe kiti cha mbele. Twataka, kabla hajaambiwa "ingia," awepo mtu wa kumwambia kwa hakika: tumepima, pako salama.

UHURU NA KAZI! Na kazi isimtoe mtu roho.